Siri ya wazee ni ya nani?

Kila mara tunapoongea juu ya mila za Babembe, iwe Fizi ao Baraka, maongezi yanafika mahali pamoja na kusimama. Juu ya mahari tunaeleza vizuri. Juu ya kilio, juu ya lubunga na namna wanaume walikuwa wanakata maneno humo, hakuna shida. Kisha kijana anauliza: na bwami ilikuwa nini? Na kule butende, mbali na kisu, watoto walikuwa wanafundishwa nini? Hapo mzee anacheka kidogo, anaangalia pembeni, anasema: hayo ni ya wenyewe.

Jibu hilo lina heshima yake. Lakini tunataka kuliuliza swali moja: hao wenyewe ni nani? Ni yule anayeshika siri leo, ao ni pia mtoto anayezaliwa nyuma yake?

Tuanze kwa kuwapa wazee haki yao. Bwami, yenye tunashirikiana na ndugu zetu Balega, haikuwa uchawi kama walivyofundisha wengine. Ilikuwa ngazi. Mtu alipanda cheo kwa cheo, na kupanda kuliomba mali, kuliomba ukoo ukubali kumsaidia, na zaidi kuliomba tabia. Mgomvi hakusaidiwa. Kwa Balega vitu vya bwami, sanamu za mti na za pembe ya tembo, kila kimoja kilikuwa na maneno yake. Kuna sanamu yenye nyuso nyingi, wanaiita Sakimatwematwe, maana yake mwenye vichwa vingi: inasifu mkubwa anayeangalia pande zote mbele ya kusema. Aliyeonyeshwa kitu hicho alionyeshwa pamoja na deni, kwa sababu kuna watu walitoa mbuzi na mali ili aone. Kwa hiyo siri haikuwa kifungio tu. Ilikuwa bei ya elimu, na ile bei ndiyo ilimfunga mtu kwa wenzake.

Bon, kisha ikatokea nini? Mwaka wa 1948 utawala wa Wabeleji ulikataza bwami. Wamisionari walikuwa wamekwisha kuanza kazi hiyo kwa njia yao, Wakatoliki na Waprotestanti pia. Na miaka ileile, karibu na mwisho wa miaka ya 1940, alifika Mbeleji mmoja, Daniel Biebuyck, mtafiti wa IRSAC, ile taasisi yenye kituo chake kikubwa kilijengwa Lwiro. Aliketi na Babembe, kisha na Balega, akauliza, akaandika. Mwaka wa 1972 makala yake juu ya sanaa ya Babembe ilitoka katika gazeti la Marekani. Mwaka uliofwata kikatoka kitabu chake kikubwa juu ya Balega. Hatumlaumu. Bila yeye mengi yangepotea kabisa. Lakini tuone matokeo: serikali moja inakataza kitu mchana, na raia wake anakiandika jioni. Leo mwanafunzi wa Bruxelles anaweza kusoma juu ya 'alunga (ile alama ya mbele ni pale ambapo jirani zetu wanatamka k) kuliko mtoto wa Mutambala ao wa Ngandja.

Na si maneno tu yaliyoondoka. Barakoa ya 'alunga, yenye nyuso mbili, moja mbele na moja nyuma, macho makubwa kama mabakuli, iko katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani. Siku moja mwanafunzi alituletea picha yake kwenye simu. Aliipata kwenye intaneti, na chini yake bei. Akauliza: mwalimu, hii ni ya kwetu? Tulimjibu ndiyo. Akauliza tena: basi juu ya nini mimi sikatazwi kuona bei yake na ninakatazwa kujua maana yake? Kalasi nzima ilinyamaza.

Si sisi peke yetu. Kule Meksiko kuna watu Wamixteki, wenyewe wanajiita watu wa mvua. Mbele ya Wahispania walikuwa na vitabu vya ngozi ya paa, vyenye picha za wafalme wao na vizazi vyao. Leo kimoja kiko Vienna, kingine London, kingine Oxford; katika vile vya zamani zile, kimoja tu kilibaki katika inchi yao. Watoto wao wengi wamekwenda kulima mashamba ya California. Mtoto wa namna hiyo anasafiri mbali kutafuta kazi, na kitabu cha babu yake kiko mbali zaidi, upande mwingine.

Tena mwezi wa Juni 2022 mfalme wa Ubelgiji alileta Kinshasa barakoa kubwa ya Basuku, Kakuungu, kama kitu cha kuazima bila tarehe ya mwisho. Tujifikirishe siku ile 'alunga nayo itarudi. Nani atasimama mbele yake na kusema habari zake? Kama wazee watasema ni ya wenyewe, basi karatasi iliyoandikwa Ulaya ndiyo itasema.

Wazee wengine wanatujibu, na jibu lao ni zito: mtu anayepewa bila kulipa anachukua ganda. Ukiandika bwami ubaoni, mwanafunzi atainakili, atapata alama zake, na kesho atasahau. Hatuwezi kukana. Mwalimu hawezi kumwingiza mtu popote. Hana mbuzi, hana ukoo, hana ile miaka ya kungoja. Lakini kujua kwamba nyumba iko, na juu ya nini ilijengwa, si sawa na kuingia ndani yake. Tunachoomba ni hicho cha kwanza.

Tunakiomba kwa sababu ya jambo lenye linatuuma. Mahali pa lubunga hapakukaa wazi. Mwaka wa 1964 waasi walikwenda vitani na dawa ya maji, wakipiga kelele Mai Mulele. Che Guevara, aliyekaa katika milima yetu toka Aprili mpaka Novemba 1965, aliandika juu ya dawa hiyo kwa mashaka mengi. Kisha vita vya 1996 na 1998, Makobola, na wengi kuvuka ziwa mpaka Nyarugusu. Kuna watu walizaliwa kule, wakarudi kwa meli kwenye bandari ya Baraka toka 2005, wanasema Kiswahili kizuri kuliko sisi na Kibembe cha kusalimia tu. Na katika vikundi vya Mai-Mai kijana anapewa nini? Anapewa dawa, miiko, kiapo, cheo, na siri. Ni vitu vilevile! Ni njaa ileile ya kuitwa mtu mzima mbele ya wengine. Tofauti ni kwamba pale hakuna ukoo unaouliza kwanza kama tabia yake inafaa, na cheo kinapandwa kwa bunduki. Yule asiyeambiwa kwamba babu zake walipanda kwa utulivu, atajuaje kwamba huyu komanda anamdanganya?

Kwa hiyo, kwa maoni yetu, yale ya butende yanayolinda mwili na haya ya mtoto, yakae kule. Hatuna kazi nayo kalasini. Lakini siri inayolinda kiti cha mtu fulani, ao inayoficha kwamba yeye mwenyewe hakuambiwa, hiyo haituombi heshima. Na tunajua wako wengi wa namna hiyo, sababu baba zao walikatazwa.

Wasichana nao wanauliza. Wengine wanataka kuwajibu kwamba haiwahusu. Lakini kwa Balega mwanaume hakufika cheo cha juu bila mke wake kuingizwa pamoja naye. Hata hilo wasichana wetu hawalijui, na kulisema hakuvunji mwiko wowote.

Tumekwisha kuomba wazee wa Baraka waketi na waalimu siku moja katika kiangazi, wakate wenyewe yapi yasemwe katika saa ya somo la uraia na yapi yabaki. Wamesema watafikiri. Mtoto aliyekuwa na miaka kumi wakati bwami inakatazwa, leo anakaribia miaka tisini.