"Imagine!": Neno Dogo Linalomhukumu Ndugu Yako

Masomo: Zekaria 7:8-10; Zaburi 1 na 2



Kuna neno la Kiingereza ambalo sisi Wakenya tumelichukua tukalifanya letu: "imagine". Maana yake ya kwanza ni kuchora akilini picha ya kitu ambacho hakiko mbele yako. Lakini sisi tunalitumia kuleta habari. "Imagine alikuja saa nne!" "Imagine wamehama na hawajaaga!" Ukiambiwa hivyo huulizi kama ni kweli. Umeshaamini. Hapo ndipo mimi nilinaswa.

Jumapili moja mwaka jana, baada ya ibada ya pili, tulihesabu sadaka ya ujenzi tukakosa shilingi 18,400. Mfuko ulikuwa umebebwa na mama mmoja mhudumu wa mlangoni. Nilijua binti yake amerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Jumatatu nikasikia msichana ameshaingia shule. Nikapiga hesabu yangu mwenyewe.

Sikumwuliza. Nilimwambia tu kiongozi mwenzangu kwa simu: "Imagine, karo imepatikana wiki hiyohiyo." Sikusema ameiba. Hata sikuhitaji kusema.

Alhamisi tulifungua bahasha ya misheni tukazikuta pesa zote, na karatasi ina sahihi yangu. Mimi ndiye niliyeziweka huko.

Nilienda kwake nyumbani. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema: "Pasta, wewe ni wa umri wa mwanangu. Hukuniambia kitu, lakini Jumatano kwa maombi ulisalimia watu wote ukaniruka. Nilijua kuna kitu." Amenisamehe, na ameniruhusu niandike haya. Yule kiongozi nilimpigia siku hiyohiyo kumweleza ukweli. Lakini kama yeye naye alikuwa ameshamwambia mwingine, hilo siwezi kulirudisha.

Sasa swali: kuwaza tu, bila kutenda, ni dhambi?

Biblia ya Kiingereza ya King James, iliyotoka mwaka 1611, inalitumia sana neno hili "imagine" kwa mambo mabaya. Watu wa siku za Nuhu, wajenzi wa Babeli, na mataifa ya Zaburi ya 2 yanayowaza ubatili, wote wanaelezwa kwa neno hilo au jamaa yake. Mtu anaweza kudhani Mungu ameichukia akili inayochora picha. La hasha. Fungua Zaburi ya 1 uone mtu mwenye heri anayetafakari sheria ya Bwana mchana na usiku. Kisha fungua Zaburi ya 2. Katika Kiebrania kitenzi ni kilekile. Waingereza walikigawa: kwa mwenye haki wakaweka "meditate", kwa waasi wakaweka "imagine". Biblia yetu ya Kiswahili ya Union imeweka "kutafakari" pote pawili. Kumbe kazi ya akili ni moja. Tofauti ni kile unachoilisha.

Kwa hiyo wazo likipita kichwani, hilo ni mgeni amepiga hodi. Hodi si kosa. Kosa ni kumfungulia, kumpa kiti na kumpikia chai. Mimi nilimpa chai siku nne, halafu nikampeleka kwa jirani.

Chuoni nilisomea biashara. Kitu kimoja tulichofundishwa ni kwamba katika mpango wa biashara, makadirio lazima yaandikwe kuwa ni makadirio. Ukiyahamisha ukayaweka pale pa mapato halisi, huo ni udanganyifu, hata kama hujachukua senti. Ndivyo nilivyofanya na jina la mama wa watu. Nilichukua dhana nikaiandika kama hesabu iliyokaguliwa.

Lakini kuna jambo lililonichoma zaidi. Soma Zekaria 7:10 polepole. Kabla nabii hajatukataza kuwaza mabaya juu ya ndugu, anawataja mjane, yatima, mgeni na maskini. Mambo hayo mawili yako katika mstari mmoja. Mimi nilijua mtoto yuko nyumbani kwa kukosa karo. Je, nilijaribu kuwaza mama huyo analalaje usiku? Anamwambia nini binti yake asubuhi akiona wenzake wamevaa yunifomu? Hapana. Habari ileile iliyopaswa kunifanya niulize, "Mama, tusaidiane vipi?" niliifanya ushahidi wa wizi. Akili ya kuwaza ninayo. Niliitumia upande mmoja tu.

Wapendwa, wiki hii kila unapojisikia unataka kusema "imagine" juu ya mtu, simama kidogo. Jiulize: nimeona, au nimechora? Kama umechora, usipeleke picha hiyo kwa mtu mwingine. Mwendee mwenyewe ukamwulize kwa upole. Na kama unajua shida yake, anza na shida yake.

Tuombe: Baba, utusamehe picha tulizochora za ndugu zetu. Tufundishe kuwawazia mema, na pale tulipokosa, utupe ujasiri wa kwenda kubisha mlango wao na kusema pole. Katika jina la Yesu. Amina.