Nani Hulipia Kimya?

Kuna somo moja ambalo watu hupenda kulichota kwenye hadithi za Wagiriki wa kale: usitake kujua sana. Prometheus aliiba moto wa miungu, akafungwa minyororo mwambani. Pandora alifungua mtungi, maovu yakatapakaa duniani. Oedipus alichimbua asili yake, akaishia kujitoboa macho. Ukizipanga hivyo, zinasikika kama onyo la shangazi mkali: mambo yasiyokuhusu, wachana nayo.

Mimi naona hadithi hizi zimesingiziwa. Ukizisoma polepole utakuta zinauliza swali lingine kabisa. Ukweli unapofichwa, nani anafaidika? Na unapotoka, nani analipa?

Tuanze na Pandora, manake yeye ndiye aliyeonewa zaidi. Anayetusimulia habari zake ni Hesiod, mshairi aliyeishi yapata miaka 2,700 iliyopita. Kwake, Zeus anakasirishwa na wizi wa moto, anaamuru mwanamke afinyangwe kwa udongo na maji, kisha anampeleka kama zawadi kwa Epimetheus, nduguye Prometheus. Pandora anaondoa kifuniko cha mtungi, mateso yanatoka, tumaini linabaki ndani. Sasa hebu tafuta mahali Hesiod anaposema kwamba Pandora alikatazwa kuufungua. Hapapo. Tafuta basi huo udadisi wake. Haumo. Aliyeonywa ni Epimetheus: ndugu yake alimwambia asipokee zawadi yoyote kutoka kwa Zeus, naye akasahau. Hata lile "sanduku la Pandora" lilikuja baadaye sana, katika karne ya 16, pale msomi Erasmus alipougeuza mtungi kuwa kijisanduku katika maandishi yake ya Kilatini. Kwa hivyo mwanamume alionywa akapuuza, mtawala akapanga adhabu, lakini anayekumbukwa ni msichana ati mdadisi.

Kwa Prometheus, mambo ni wazi zaidi. Katika tamthilia ya kale inayosimulia kufungwa kwake, ambayo kwa desturi huhesabiwa kuwa ya Aeschylus, yeye mwenyewe anataja vitu alivyowapa binadamu pamoja na moto: hesabu, herufi, dawa, ujuzi wa kufunga wanyama nira, merikebu. Kati ya hivyo, kipi ni kibaya? Shida haikuwa vitu vyenyewe. Zeus alikuwa mtawala mpya, ametoka tu kumpindua babake, na alitaka kuwafutilia mbali binadamu. Halafu angalia kinachotokea mwishoni. Prometheus anajua siri moja, ya ndoa itakayomwangusha Zeus, na Zeus anamtuma Hermes kuja kumlazimisha aitoe. Kumbe yule anayewaadhibu wengine kwa kujua, yeye mwenyewe ana njaa ya kujua! Hachukii maarifa. Anachukia yakiwa mikononi mwa mtu mwingine.

Lakini tamthilia hiyo hiyo ina jambo linalonizuia kusema kwamba kila pazia lazima lipasuliwe. Prometheus anasema aliwaondolea binadamu uwezo wa kuona mapema kifo chao, akapanda ndani yao matumaini yasiyoona. Yaani mwizi wa moto naye alificha kitu. Alifanya hivyo ili watu waweze kuamka asubuhi, kulima na kupenda. Hakupata chochote kwa kuficha huko, na kwa yote aliyowatendea binadamu, aliyelipa ni yeye. Kwa hiyo kuficha peke yake si dhambi. Ndiyo maana lile swali la nani anafaidika lina uzito.

Sasa tumfikie Oedipus, ambaye kwangu ndiye mgumu zaidi. Kiswahili kimempokea kitambo. Samuel Mushi alitafsiri tamthilia ya Sophocles kwa jina *Mfalme Edipode* mwaka 1971. Wengi tunakumbuka unabii: atamuua babake na kumwoa mamake. Tunasahau namna mambo yalivyoanza. Oedipus amelelewa Korintho na mfalme Polybus na mkewe Merope. Siku moja kwenye karamu, mlevi anamwambia kwamba yeye si mtoto halisi wa babake. Anawauliza wazazi. Wanawaka hasira, wanamlaumu mlevi, wanakana. Neno lakini halimtoki moyoni, kwa hiyo anaenda Delphi kwa siri kumuuliza Apollo. Apollo hamjibu swali lake, anamtolea tu ule unabii. Na Oedipus, kwa kuwapenda Polybus na Merope, anakimbia Korintho ili asiwadhuru. Ni katika kukimbia huko, kwenye njia panda, ndiko anamuua mzee ambaye hajui ni babake.

Simama hapo kidogo. Kama wale wawili wangemwambia, "Mwanetu, sisi tulikupokea ukiwa mchanga, na ni wetu," angekimbia nini? Watu husema Oedipus aliangamizwa na kujua. Mimi nasema alianza kuangamia siku aliyouliza swali la haki nyumbani kwao akapewa uongo wa upendo.

Kiswahili kina methali mbili zinazovutana hapa. Moja inasema funika kombe mwanaharamu apite. Nyingine inasema mficha maradhi kifo humuumbua. Jocasta, mke ambaye pia ni mama, anashika ya kwanza. Akishagundua ukweli kabla ya mumewe, anamsihi aache kuuliza, na siwezi kumlaumu, anataka kumwokoa. Lakini nje ya jumba la mfalme kuna tauni. Mimba zinaharibika, mazao yanakauka, watu wanakufa kwa sababu muuaji wa mfalme wa zamani hajajulikana. Kimya cha Jocasta kingempa mume wake amani, na bili ingelipwa na mji mzima. Oedipus anachagua kujua. Anayeumia ni yeye na nyumba yake, ila Thebes inapata nafasi ya kupona.

Ruka sasa hadi 1818, Mary Shelley anapochapisha *Frankenstein*, riwaya aliyoianza akiwa na miaka 18 na kuipa jina la pili linalomtaja Prometheus wa kisasa. Victor Frankenstein anaumba kiumbe, kinafumbua macho, yeye anatoroka. Akikaribia kufa anamwonya nahodha aliyemwokoa kwamba kutafuta maarifa ni hatari. Si ajabu aseme hivyo, manake lawama ikienda kwa maarifa, yeye anapumua. Tazama alichofanya. Justine, mtumishi wa nyumbani kwao, anashtakiwa kwa mauaji ya mdogo wake Victor. Victor anaamini muuaji ni kile kiumbe, lakini anaogopa kuonekana mwendawazimu. Ananyamaza, na Justine ananyongwa. Baadaye anamwahidi mchumba wake Elizabeth kwamba atamweleza siri yake siku inayofuata harusi. Elizabeth anauawa usiku wa harusi. Prometheus alitoa ujuzi akalipa kwa ini lake mwenyewe. Huyu wa kisasa alificha, wakalipa wengine.

Siku hizi kipimo cha DNA kinaweza kufumbua asili ya mtu bila kumsubiri mchunga kondoo mzee aje kutoa ushahidi. Familia nyingi zina mtungi wao: baba asiyetajwa, shamba lililobadilisha jina, ugonjwa ulioitwa kitu kingine. Kijana akiuliza, huambiwa asifukue makaburi. Huenda anayemwambia hivyo anamlinda kweli. Huenda pia anajilinda mwenyewe. Njia ya kutofautisha ni kuangalia ni nani ataumia kimya kikiendelea. Akiwa ni yule anayeficha, ana haki ya kubeba mzigo wake. Akiwa ni anayeuliza, au mwingine asiye hata na habari, hiyo haki hana.

Polybus na Merope walimpenda mtoto wao, sina shaka. Walimpa jina, kasri na ufalme wa kurithi. Walichomnyima ni jibu moja, siku aliyokuja kuwauliza.