Msafiri wa Peke Yake Milimani

Somo: 1 Wafalme 19:1–18



Mwezi wa Desemba ukikaribia, viti vya kanisa letu huanza kuwa wazi. Wengine huenda Muheza na Korogwe, wengine Masasi, wengine Njombe au Upareni. Wengi hupanda basi. Lakini wako wanaokwenda peke yao, kwa gari dogo au hata kwa pikipiki, nao ndio ninaotaka kusema nao kwanza. Kisha nitasema na wanaobaki hapa Temeke, maana nao wana safari yao.

Mwaka jana nilikwenda Mtae, Usambara ya Magharibi, kumzika mtu wa ukoo wetu, nami nilikuwa peke yangu garini. Kutoka hapa mpaka Mombo sina la kuwasimulia: Kibaha, Chalinze, Segera, Korogwe, malori na askari wa barabarani. Safari yenyewe huanza Mombo, pale unapoiacha barabara kuu na kuupanda mlima kwenda Soni na Lushoto. Ni kama kilomita 33, na sehemu kubwa yake ni kona. Upande huu mwamba, upande huu korongo, na mto unanguruma huko chini. Dereva mwenye busara hupiga honi kabla ya kona, kisha hutega sikio asikie kama atajibiwa. Ukiisha kupita Lushoto na msitu wa Magamba, ukungu hushuka bila kubisha hodi. Unaendelea, Lukozi, na mbele zaidi, mpaka Mtae, kijiji kilichokaa ukingoni kabisa mwa mlima. Ukisimama pale unaiona nyika ya Mkomazi chini yako, kama mtu achunguliaye kutoka darini.

Katika kupanda huko nilikuta matawi mabichi yametandazwa barabarani. Kila dereva wa nchi hii ajua maana yake: mbele kuna gari limeharibika, punguza mwendo. Nikapunguza. Nyuma ya kona lilisimama lori la kabichi, jiwe chini ya gurudumu, na utingo amelala kivulini. Kijana yule hakunijua, wala hakujua kwamba naja. Alivunja matawi kwa ajili ya mtu yeyote atakayetokea. Kama asingefanya hivyo, huenda ningefika Mtae nami nikiwa wa kuzikwa.

Tangu siku ile neno hili “peke yangu” limenitaabisha. Barabara niliyopita ilichimbwa mwambani na watu ambao majina yao hayakuandikwa popote, tangu siku zile Wajerumani walipoiita Lushoto kwa jina la Wilhelmsthal. Niliyeketi garini nilikuwa mmoja, lakini walionifikisha hawahesabiki.

Sasa tumtazame nabii Eliya, maana naye alikwenda mlimani peke yake. Angalieni jambo ambalo wasomaji wengi hulipita haraka: alikuwa na mtumishi, akamwacha Beer-sheba, kisha akaingia jangwani mwendo wa siku nzima. Upweke wake haukumwangukia, aliuchagua. Alikuwa amechoka, anaogopa, na mtu wa namna hiyo mara nyingi hutaka asionekane. Akalala chini ya mti akiomba afe. Mungu hakumkaripia. Alimpa mkate uliookwa juu ya makaa na maji ya kunywa, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili. Nawaomba wale wanaopenda kuwahubiria watu waliovunjika moyo waanze na chakula, kama malaika yule.

Alipofika Horebu baada ya siku arobaini, Eliya alitoa malalamiko yake, tena mara mbili, kwa maneno yale yale: manabii wameuawa, na amesalia yeye tu. Lakini rudini nyuma sura moja. Katika sura ya 18 Obadia, msimamizi wa nyumba ya Ahabu, alimwambia Eliya kwa kinywa chake kwamba amewaficha manabii mia moja mapangoni, hamsini hamsini, naye anawalisha. Basi Eliya alikuwa na habari. Pale Horebu ameketi katika pango, na kule Israeli wako watu mia moja walioketi mapangoni kwa sababu ile ile, na bado anasema hana mwenzake. Si mwongo, ni mtu aliyechoka. Uchovu huturudisha hesabu mpaka moja.

Mungu alimjibu kwa kazi na kwa majina. Rudi ulikotoka, mtie mafuta huyu na yule, na Elisha, ambaye wakati huo alikuwa shambani akilima na ng'ombe. Kisha akampa hesabu iliyo sahihi: elfu saba. Wala hatusomi kwamba Eliya alipata kuwajua wote.

Hapa namkumbuka Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na chama cha kimisionari cha Kianglikana, CMS, akafika Mombasa mwaka 1844. Mwaka ule ule mkewe Rosina na mtoto wao mchanga walikufa. Mwaka 1848 aliipanda milima hii hii ya Usambara, akafika Vuga kwa Mfalme Kimweri. Watu huzisimulia safari zake kana kwamba alikwenda mwenyewe, lakini alikuwa na wapagazi na wenyeji waliomwonyesha njia na kumlaza nyumbani mwao. Aliachwa peke yake kweli mwaka 1851, huko Ukambani, alipokuwa akielekea mto Tana pamoja na Kivoi, mkuu wa Wakamba. Wanyang'anyi waliwashambulia, Kivoi akauawa, wengine wakatawanyika. Krapf akatembea nyikani akijificha mchana. Alipopata maji aliyatia ndani ya mitutu ya bunduki yake na ndani ya mfuko wa darubini, akaziba kwa majani. Bunduki imekuwa kibuyu! Na mahali pengine maji aliyapata katika mashimo yaliyochimbwa na nyani mchangani. Hata pale asipokuwapo mwanadamu, alikuwako aliyetangulia kuchimba.

Simaanishi kwamba kuwa peke yako ni dhambi. Bwana wetu mwenyewe alipanda mlimani peke yake kuomba (Marko 6:46). Lakini akiwa huko aliwaona wanafunzi wake wakihangaika na upepo ziwani, akawaendea. Upweke wake ulimfanya awaone wengine vizuri zaidi. Wa Eliya ulimfumba macho.

Basi niseme na wanaobaki. Katika mtaa mmoja wa upande wetu wa jiji, mwaka huu, mpangaji mmoja aliugua chumbani mwake siku nne. Nyumba ile ina vyumba vingi, na kila asubuhi watu walipita mbele ya mlango wake wakienda kazini. Hakuwa na ndugu hapa mjini, na simu ilikuwa imezima. Aliyegundua ni mama auzaye vitumbua pale kwenye kona. Aliona kwamba mteja wake wa vitumbua vitatu hajafika, siku ya kwanza, siku ya pili. Siku ya nne akauliza nyumba anayokaa, akagonga, akaita watu. Yule ndugu yu hai. Mama yule si wa kanisa letu, wala simjui jina. Namhesabu katika wale elfu saba.

Milimani mtu akiwa peke yake hujua yuko peke yake, na kila anayekutana naye humsalimu. Hapa kwetu, Tandika, Mbagala, Kinondoni ng'ambo ya jiji, mtu aweza kuketi katikati ya watu elfu na asisalimiwe wiki nzima. Naona barabara hii ya kwetu ina kona nyingi kuliko ile ya Soni, na matawi ni machache.

Kwa hiyo, kuanzia Jumapili ya kwanza ya Majilio, daftari litawekwa juu ya meza karibu na mlango mkubwa baada ya Misa. Wanaosafiri peke yao waandike jina, wanakokwenda, njia watakayopita na siku ya kufika. Jioni ya siku hiyo mmoja wa Umoja wa Mama au wa vijana atawapigia simu. Na wanaokaa peke yao hapa mjini waandike pia. Mahali palipoandikwa “unakokwenda”, wajaze mtaa na nyumba wanamokaa, na saa ambayo mtu akija kugonga atawakuta.