Kwanza Ulizeni Reli Ilipita Wapi

Wanangu na wajukuu zangu, nimewasikia. Nimewasikia kwenye sherehe, kwenye mabasi, na sasa kwenye simu zenu, mkiwapanga Wachagga na Wamakonde kama watahiniwa darasani: huyu wa kwanza, yule wa mwisho. Mchagga kazaliwa na biashara, Mmakonde kazaliwa mlinzi. Mchagga anapenda shule, Mmakonde anapenda ngoma. Mimi ni mtu wa Newala, nimefundisha Kilimanjaro mpaka nikastaafu huko, na marehemu bibi yenu alikuwa Mchagga wa Marangu. Damu zote mbili mnazo. Nisikilizeni basi, maana mnayemtukana ni wa kwenu.

Wengine mnajitetea kuwa ni utani. Utani naujua. Wachagga na Wapare ni watani, na mtani anayekucheka sokoni leo ndiye anayefika msibani kwako kesho kufanya ambayo hata ndugu hayawezi. Utani una wajibu ndani yake. Hayo mnayoandika hayana wajibu wowote, ni hukumu. Na hukumu ikisemwa sana haibaki mdomoni. Mwajiri huipeleka kwenye usaili, mwalimu huipeleka darasani akakata tamaa na mtoto kabla hajamfundisha, mzazi huipeleka kwenye barua ya posa akairudisha bila kuifungua. Yote matatu nimeyaona.

Sisemi kwamba tofauti haipo. Mtu anayetoka Marangu akashukia Newala anaiona kwa macho: shule, zahanati, paa za nyumba, umri wa barabara ya lami. Lakini jihadharini na yeyote anayewapa takwimu za kipato cha kabila hili na lile. Sensa ya mwisho kuuliza kabila kwa upande wa Bara ilikuwa ya 1967. Tangu hapo tunahesabiwa kwa mkoa, wilaya na kata, na ndani ya mkoa mmoja wamo watu wa kila kabila, matajiri na maskini. Anayekuletea hesabu ya utajiri wa kabila leo, kaitunga mwenyewe.

Mnasema watu wa kusini wamechelewa kusoma. Anzeni na Masasi. Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walifungua kituo hapo mwaka 1876, wakiwa na watu waliokombolewa utumwani. Mwaka huo Kilimanjaro haikuwa na shule ya misheni hata moja. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig walifika 1893, na mapadri wa Kikatoliki wa Kilema, hukohuko mlimani, walikuwa wamewatangulia kwa miaka michache tu. Kusini walishika kalamu mapema. Lakini mwaka 1882 Wangoni waliivamia Masasi, wakachoma, wakateka watu, na kazi ya misheni ikahamishiwa Newala. Walioanza mapema wakajikuta wanaanza upya, na si mara hiyo tu.

Mnauliza pia, kwa dharau, watu gani wenye akili timamu wanajenga juu ya uwanda usio na mto kama wetu wa Newala. Misafara ya watumwa iliyokwenda Kilwa, Lindi na Mikindani ilipita nchi hiyo. Aliyekaa bondeni penye maji alitekwa penye maji. Wazee wetu walipanda juu, wakaingia kwenye vichaka vinene ambako adui hakuona njia, wakakubali kiu ili wasifungwe mnyororo. Ulikuwa uamuzi wa akili kabisa, na gharama yake ililipwa na wanawake kwa vizazi vingi.

Mama yangu alikuwa miongoni mwao. Kiangazi kikikaza waliamka usiku wa manane, wanawake wa kitongoji kizima, wakashuka genge kwa kufuatana hadi kwenye chemchemi bondeni. Pale walikaa foleni. Maji yalijaa shimoni polepole. Ulichota kata moja, ukasubiri, ukachota nyingine, mpaka mtungi ukajaa. Kisha kupanda, mtungi kichwani, mkono mmoja ukishika mizizi ya miti, na kufika nyumbani jua limeshachomoza. Maji yaliyooshea mboga yaliosha mikono, na yaliyoosha mikono yalimwagiwa mpapai. Dada yangu mkubwa alishuka na mama. Siku aliyoshuka, shuleni alisinzia au hakufika kabisa. Bibi yenu, aliyekuwa rika moja naye, alikuwa na mfongo unaopita migombani kwao, maji ya mlima yaliyoletwa kwa mifereji waliyochimba babu zake. Alichota, akanawa, akaenda shule. Wasichana wawili, bidii ileile. Niambieni kabila linaingilia wapi hapo.

Sasa njooni kwenye reli. Mlima nao ulionja ukali wa Wajerumani: Mangi Meli, chifu wa Moshi, alinyongwa hukohuko mwaka 1900. Ila baada ya hapo reli kutoka Tanga ilipanda, na kufikia 1912 ilikuwa inatoa huduma hadi Moshi. Kusini kwa miaka hiyohiyo kulikuwa na Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, na vita hivyo havikuua kwa risasi tu. Wajerumani walichoma maghala na mashamba, njaa ikamaliza waliobaki. Watu walikufa kwa makumi ya maelfu, na wapo wanahistoria wanaofikisha laki kadhaa. Sehemu kubwa ya nchi ya Wangindo ikabaki tupu, na leo ni hifadhi ya wanyama. Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza waliingia Moshi Machi 1916, mapigano yakasogea mbali na mlima. Yaliishia wapi? Kusini. Mahiwa, karibu na Lindi, Oktoba 1917, palipiganwa moja ya mapigano yaliyomwaga damu nyingi kuliko yote katika vita vile Afrika Mashariki, na majeshi yote mawili yalikula chakula cha wanakijiji na kuwabebesha mizigo.

Kwa hiyo miaka ya 1920 ilipoanza, mlimani kulikuwa na udongo wa volkeno, maji, reli na kahawa. Hata hivyo kahawa haikuwatajirisha Wachagga kwa kuota tu. Walowezi hawakutaka Mwafrika alime arabika; nchi jirani ya Kenya ilimzuia kwa miaka mingi. Mwaka 1925 wakulima wa Kilimanjaro waliunda chama chao, KNPA, chini ya Joseph Merinyo, ili kulinda haki ya kulima na kuuza zao hilo. Mwaka 1933 kikazaliwa chama kikuu cha ushirika, KNCU. Na msidhani walikaa wakipiga makofi: mwaka 1937 wakulima waliokasirishwa na masharti ya kuuza kahawa kwa njia moja tu walifanya fujo, wakavamia maghala. Walikuwa wanauliza bei yao inakwenda wapi. Hilo ndilo la kujifunza kwa Wachagga. Waliuliza, wakaandika, wakachanga, na fedha ya kahawa ikageuka madarasa. Nilipofika kufundisha nilikuta wazazi wanaosubiri malipo ya pili ya kahawa ndipo walete ada, na mwalimu mkuu anayeijua ratiba ya mnada kama anavyoijua ratiba ya mitihani.

Kusini nako reli ilikuja. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango mkubwa wa karanga, Kongwa, Urambo na Nachingwea. Wakajenga bandari ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea. Karanga zikashindikana, mpango ukafutwa 1951 baada ya kuteketeza pauni milioni 36, na miaka ya 1960 mwanzoni reli ikang'olewa. Ya mlimani ilibaki. Wanaume wetu, ambao kodi ya kichwa iliwadai fedha wasiyokuwa nayo, walishaenda siku nyingi kwenye mkonge wa Tanga, na wengine wakavuka hadi mashamba ya Kenya. Ulinzi wa usiku mnaoucheka ulianza hivyo: mtu aliye mbali na kwao, bila shamba wala ndugu wa kumdhamini, huchukua kazi iliyopo.

Uhuru ulipokuja, mpaka wetu ukawa uwanja wa vita vya watu wengine ambao ni ndugu zetu. Kuanzia 1964 wapigania uhuru wa Msumbiji, FRELIMO, walipigana na Wareno ng'ambo ya Ruvuma, baadaye wakiwa na kambi Nachingwea. Vijiji vya mpakani viliishi kwa hofu miaka kumi. Tulipokea wakimbizi, tukagawana nao mihogo. Tanzania nzima inajivunia ukombozi wa Msumbiji, na ni haki. Ila mpakani ndiko ulikolipiwa kila siku.

Hapa nataka mtulie, kwa sababu hoja yangu kubwa iko kwenye korosho. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000 hivi, nyingi zikitoka kusini. Kufikia 1986/87 zilikuwa zimeporomoka hadi tani 16,500 hivi. Kama uvivu ni wa kabila, basi kabila zima liliugua uvivu ndani ya miaka 13? Watu walihamishiwa vijiji vya ujamaa, wakaiacha mikorosho yao mbali, ikamezwa na vichaka. Bei aliyolipwa mkulima ilikuwa ndogo mno. Ugonjwa wa ubwiriunga ukaingia, maua yakawa meupe kama yamenyunyiziwa unga, yakaanguka. Viwanda vya kubangua vilivyojengwa kwa mikopo, vingi havikufanya kazi ipasavyo. Halafu ikaja dawa ya salfa, ikaja miche bora kutoka kituo cha utafiti cha Naliendele, ukaja mfumo wa kuuza kwa stakabadhi ghalani mwaka 2007, na msimu wa 2017/18 mavuno yakapita tani 300,000. Ni watu walewale na watoto wao. Yule mama anayeinama asubuhi kuokota korosho na kuzianika mkekani hakubadilishiwa damu.

Na mlimani? Bei ya kahawa ilipoanguka, vijana wa Kichagga waliiacha mibuni, wengine wakaing'oa wakapanda nyanya. Hamsemi kwamba Wachagga wamekuwa wavivu. Mnasema bei ni mbaya. Basi neno hilohilo lisemeni kwa Newala.

Huo mnaouita ujasiriamali wa kuzaliwa nao nimeuishi karibu. Kihamba, shamba la ukoo la Mchagga, hugawanywa. Kwa desturi, kifunguamimba na kitindamimba ndio wenye nafasi. Wa katikati wanatafuta kwingine, na kila kizazi kipande kinazidi kuwa kidogo. Shemeji zangu waliokwenda Dar es Salaam kufungua maduka walisukumwa na kukosa pa kulima. Walifanya kazi kwa jasho, nawaheshimu kwa hilo. Lakini mlimani wapo watu ambao hawakufungua duka, nao ni Wachagga vilevile: mjane anayegombezwa na wakwe juu ya migomba minne, kijana aliyezama kwenye pombe kwa kuwa hana kihamba wala kazi. Kwetu uwandani, mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwanamke ana sauti juu ya shamba ambayo bibi yenu aliishangaa alipofika mara ya kwanza. Hali ya maisha haihesabiwi kwa bati peke yake.

Kwetu nako kuna ya kurekebisha, na nayasema nikiwa mtu aliyetoka jandoni. Jando na unyago vinavyovuka likizo vinamwibia mtoto shule. Harusi ya msimu wa korosho inayokula fedha ya mwaka mzima ni hasara. Na kangomba inatumaliza: mwezi wa tatu nyumba haina unga, mkulima anamuuzia mchuuzi korosho ambazo hata ua bado hazijatoa, kwa bei ya kutupa, kisha Oktoba anavuna mali ya mwingine. Mambo haya yana dawa, na hakuna hata moja linaloponywa kwa kumwambia mtu kuwa kabila lake liko nyuma.

Nanyi mlio upande wa kulalamika, neno lenu hili. Kujua kwamba tuling'olewa reli hakumpi mtu ruhusa ya kumchukia Mchagga. Si yeye aliyeing'oa. Mwaka 2013 Mtwara ilichafuka kwa ajili ya bomba la gesi, na watu walikufa. Madai yalikuwa na msingi: watu walitaka kujua mali ya kwao itawafaa nini. Lakini niliwasikia vijana wakiligeuza swali hilo kuwa sisi na wale wa kaskazini, na mara hiyohiyo aliyepaswa kulijibu akawa ameponyoka.

Kama mnataka kulinganisha, linganisheni vitu vinavyoweza kubadilishwa. Kisima kiko umbali gani. Mkulima amepata sehemu gani ya bei ya mnada. Walimu wangapi wa hesabu wako shuleni. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa Rufiji mwaka 2003, masika ilitufungia kusini kwa wiki nzima nzima. Hakuna aliyebadilisha kabila ili mabasi yapite.

Chama cha msingi cha ushirika cha kijiji chenu kinafanya mkutano mkuu kila mwaka. Nimehudhuria: wazee wamejaa, vijana mko nje kwenye bodaboda. Ingieni. Ombeni karatasi ya makato isomwe kwa sauti, mstari mmoja mmoja, ushuru, ghala, usafiri, magunia, na kila mstari mkiuliza fedha hiyo imekwenda kwa nani na nani aliipitisha. Msikubali jibu la kwamba mtaelezwa mwakani. Merinyo na wenzake mwaka 1925 walianza na maswali ya namna hiyo, na ninyi mna simu za kupigia hesabu.