Shahidi Mwenye Maslahi

Sebuleni kwangu, Ngamiani, Tanga, pana santuri niliyoachiwa na marehemu kaka yangu, amplifaya ya zamani, na spika mbili ambazo mke wangu amezifunika vitambaa vya kufuma. Kutoka kwenye santuri kwenda kwenye amplifaya kuna waya wa mita moja, pini nyekundu upande wa kulia, nyeupe kushoto. Waya huo umenirudisha madrasa nikiwa na miaka sitini na minane.

Wa kwanza niliununua kwa shilingi elfu tano, nao ukavuma. Sahani ikizunguka, isizunguke, mvumo ni uleule. Fundi redio akanieleza sababu. Sindano ya santuri kama yangu hutoa milivolti 5 hivi, wakati mashine ya CD hutoa kama volti 2, mara mia nne zaidi. Mnong'ono mdogo hivyo humezwa upesi na umeme wa nyumba, unaotetemeka mara 50 kwa sekunde, ikiwa waya hauna kinga nzuri ya shaba iliyosukwa. Na hapa kwetu chumvi ya bahari nayo haiziachi pini salama.

Sikungoja atengeneze. Nilipofika Dar es Salaam nikarudi na waya wa laki tatu na nusu, mnene kama kamba ya kufungia ng'ombe, umelazwa ndani ya kisanduku cha mahameli. Mvumo ukakoma. Tena nikasikia zaidi ya hapo: sauti ya Shakila, mwimbaji wa taarab, katika sahani ndogo ya enzi zake za kundi la Black Star, ikawa na pumzi ambayo sikuwahi kuisikia. Nikawaita majirani. Nao wakaisikia, kwa sababu nilikwishawaambia ipo.

Mjukuu wangu, msichana wa sekondari, alikaa kimya. Siku ya pili alikwenda kwa fundi, akarudi na waya mwembamba wenye kinga, uliolehemiwa pini mpya, kwa shilingi elfu kumi na mbili. Akatundika shuka mbele ya vyombo. "Babu, mimi nitarusha sarafu. Wewe sema tu ni upi."

Tulirudia mara kumi na sita. Nilipatia tisa. Sarafu yenyewe, ingejibu kwa niaba yangu, ingepatia kama hivyo. Lililoniuma zaidi ni ile mara moja niliyoapa, "Huu ndio wa Dar, sikia pumzi hiyo!" Akafunua shuka. Ulikuwa wa fundi.

Usiku ule sikulala mapema. Nilimkumbuka Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, na kile kitabu alimosimulia jinsi alivyoingia katika shaka. Alianza na hisi. Jicho, asema, ndilo lenye nguvu kuliko hisi zote, nalo hukitazama kivuli likakiona kimetulia. Baada ya saa moja unajua kilikuwa kinakwenda. Huiona nyota ndogo kama dinari, na hesabu zikathibitisha kwamba ni kubwa kuliko dunia. Ikiwa hayo ndiyo ya jicho, sikio langu lina jeuri gani?

Lakini naona kosa langu halikuwa lile la kivuli. Jicho halikukilipia kivuli hela. Madrasa tulifundishwa kwamba ushahidi wa mtu anayejivutia manufaa haupokelewi, hata awe mcha Mungu. Hatuitwi kumhukumu kuwa mwongo. Huenda anaamini kila neno analosema. Anazuiwa kwa sababu amekaa mahali ambapo hata mkweli hupinda. Sikio lililokwishatoa laki tatu na nusu haliwi shahidi tena, limekuwa mdai. Shuka la mjukuu wangu halikulitukana sikio. Lililivua maslahi, basi, sikio likaulizwa upya.

Kuna jambo jingine la madrasa ambalo nilipaswa kulikumbuka dukani. Wapokezi wa hadithi za Mtume hupimwa kwa mambo mawili: uadilifu, na udhibiti wa walichokisikia. Sifa ya mpokezi ni kufikisha kama alivyopewa, bila kupunguza, bila kutia chake. Na sauti ya Shakila nayo ina sanadi yake, yaani mnyororo wa wapokezi: koo, maikrofoni, sahani, sindano, waya, amplifaya, spika, sikio. Waya wa kwanza ulikuwa mpokezi dhaifu, uliingiza maneno ya nguzo ya umeme ndani ya kauli ya Shakila. Wa fundi ulifikisha. Wa Dar nao ulifikisha. Lakini muuzaji alinisifia kwamba wake "unaongeza utamu", nami nikafurahi! Mpokezi wa hadithi angesifiwa hivyo, wanazuoni wangemtupa siku hiyohiyo.

Je, ile furaha ya usiku wa kwanza ilikuwa uongo? Hapana, moyo ulifurahi kweli. Anwani tu ndiyo niliyokosea: niliipeleka kwenye shaba, kumbe ilitoka kwa Shakila, na kwa kaka yangu aliyekuwa akiipiga sahani ileile kila Ijumaa jioni, na kwa mvumo uliokuwa umekoma. Sasa hujiuliza ni mangapi mengine nayashuhudia kwa sauti kubwa kwa sababu tu nimekwishayalipia, kwa pesa au kwa miaka. Nimeanza kuyahesabu, na hesabu hainifurahishi.

"Babu, si tuuuze?" mjukuu aliniuliza.

Nikafikiri. Mnunuzi atataka kujua unaupita kwa lipi ule wa elfu kumi na mbili, na ni haramu kwangu kuficha. Nikisema ninachokijua, hatanipa laki tatu. Nikimwambia nilichokisikia usiku wa kwanza, atanipa. Nikauacha palepale nyuma ya amplifaya, na kisanduku cha mahameli mke wangu anawekea nyuzi zake.