Ramani Iliyosomwa Nusu

Desemba 1990 serikali kuu ya Marekani ilinunua kiwanja kwenye barabara ya Broadway, kusini mwa Manhattan jijini New York, ili isimamishe jengo la ofisi la ghorofa 34. Sheria ya uhifadhi ya mwaka 1966 haiiruhusu ijenge kabla ya kuchunguza ardhi ina nini, kwa hiyo wataalamu waliajiriwa, wakafukua makabrasha. Ramani ya 1755 haikuwaficha kitu. Hapo hapo, kwa maandishi, palikuwa na makaburi ya watu weusi.

Ni watumwa na watu huru wenye asili ya Afrika waliokuwa wakizikwa nje ya mji, kwa kuwa tangu 1697 kanisa la Trinity liliwafungia uwanja wake wa makaburi. Walizikana hapo mpaka miaka ya 1790.

Wataalamu waliyaona haya yote, kisha wakapiga hesabu. Majengo ya karne ya 19 yalikuwa na vyumba vya chini ya ardhi. Basi waliochimba vyumba hivyo lazima walikwishaiondoa mifupa, isipokuwa labda chini ya kichochoro kimoja ambacho hakikuwahi kujengwa. Hoja safi, kwa mtu aliyekaa mezani. Lakini mahali pale palikuwa bondeni. Mji ulipopanuka bonde lilijazwa kifusi, pengine kwa kina cha zaidi ya mita 5. Vyumba vilichimbwa ndani ya kifusi hicho, na wafu wakabaki chini yake bila kuguswa. Wataalamu wale waliuliza majengo yalishuka kiasi gani, wasiulize ardhi yenyewe ilikuwa imepanda kiasi gani.

Na jibu halikuwa mbali. Unalinganisha usawa wa zamani na wa sasa, unatoboa mashimo machache ya majaribio, unatazama kinachotoka: vipande vya matofali na vigae vilivyochanganyika ni kifusi, na udongo wa asili hujitambulisha wenyewe ukiufikia. Anayejenga ghorofa 34 atatoboa tu, kwa ajili ya msingi wake. Kinachobaki ni nani autazame ule udongo, na autazame lini.

Pale ulitazamwa fedha zikiwa zimekwisha kulipwa na ratiba imekwisha kupangwa. Mwaka 1991 waakiolojia walianza kuchimba wakitarajia masalia machache. Wakakuta jeneza, halafu jingine, halafu majeneza yaliyopandana. Mafundi wa ujenzi hawakusimama. Mapema 1992 kikundi kimoja, kikifuata mchoro uliopitwa na wakati, kilichimba katikati ya makaburi kadhaa kikiandaa msingi wa zege. Wakazi weusi wa New York waliingia barabarani, meya David Dinkins akalalamika, na Julai mwaka huo mbunge Gus Savage, mwenyekiti wa kamati ndogo iliyosimamia majengo ya serikali, akalazimisha uchimbaji usimamishwe.

Kufikia hapo miili 419 ilikuwa imetolewa, kati ya elfu 15 au zaidi wanaokadiriwa kuzikwa eneo zima. Michael Blakey na wenzake wa Chuo Kikuu cha Howard waliichunguza kwa miaka. Karibu nusu walikuwa watoto. Baadhi ya watu wazima walikuwa wamechongwa meno kama ilivyo desturi ya sehemu nyingi za Afrika, na mwanamke mmoja alizikwa na shanga kiunoni. Sijui ripoti gani ya mezani ingetabiri shanga. Lakini ingeweza kutabiri kiuno.

Jengo lile refu lilikamilika. La pili, fupi, lililopangwa ubavuni mwake, lilifutwa kwenye michoro. Oktoba 2003 wote 419 walirudishwa ardhini hapo hapo, ndani ya majeneza yaliyochongwa Ghana, chini ya vilima saba vya nyasi. Wengine wangali chini ya barabara na majengo ya jirani.