Mkia Uliopotea

Wajukuu wangu,

Jumamosi jioni, pale Nyakasanza mnapopeleka simu kuchaji, niliwakuta wawili kati yenu mmeshikana mashati. Nilidhani ni deni. Kumbe ni T'Challa. Mmoja anasema mfalme wa Wakanda hashindwi, na kila aliyemwandika akishindwa amemtukana. Mwingine anajibu kwamba mfalme asiyeshindwa ni sanamu, si mtu. Mpaka leo hamsalimiani. Nawaandikia kwa sababu mkikaa mbele yangu mtaitikia tu "ndiyo, Koko", kisha mtaondoka na hasira zenu vilevile.

Sioni aibu yoyote kijana kubishania bede, hadithi hizi za michoro. Hadithi ikimkosesha mtu usingizi, imemgusa mahali. Kinachoniuma ni namna mlivyobishana. Jina la T'Challa mlilitaja mara mia, la mwandishi hata mara moja. "Amekuwa dhaifu." "Amebadilika." Kana kwamba aliamka asubuhi akaamua mwenyewe! Mtu wa kwenye karatasi hana uwezo huo. Kuna mkono ulioshika kalamu.

Mimi nililijua hilo nimechelewa. Nilipokuwa na miaka 13, shuleni kwetu kulikuwa na kabati la vitabu vya Kifaransa, na ndani yake albamu za Spirou zilizong'olewa majalada. Nilimpenda Spirou, lakini zaidi nilimpenda Marsupilami, yule mnyama wa manjano mwenye madoa meusi na mkia mrefu kama kamba ya kisima. Siku moja nikafungua albamu nyingine: Spirou yupo, rafiki yake Fantasio yupo, mnyama hayupo. Ya pili, hayupo. Nilipekua ukurasa kwa ukurasa nikitafuta hata ncha ya mkia nyuma ya mti. Nikaamua kwamba amekufa, na kwamba albamu inayosimulia kifo chake imeibwa kabatini. Nikamshuku mwenzangu mmoja wa darasani. Sikucheza naye tena mpaka likizo, na baada ya likizo urafiki haukurudi.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipoelewa. Spirou alizaliwa Ubelgiji mwaka 1938 mikononi mwa Rob-Vel, akapita kwa Jijé, akafika kwa André Franquin, aliyemchora kwa zaidi ya miaka 20. Marsupilami alikuwa kiumbe cha Franquin mwenyewe, wa mwaka 1952. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alipomwachia Jean-Claude Fournier kazi, alimwachia Spirou. Mnyama alibaki naye. Hakuna aliyekufa, wala aliyeiba. Mtu alikuwa amehama na mali yake. Jibu lilikuwa kwenye majina ya jalada, na majalada tulikuwa tumeyang'oa wenyewe tufunikie madaftari.

Sasa mchukueni T'Challa wenu, mhesabu mikono iliyomshika. Stan Lee na Jack Kirby walimwanzisha mwaka 1966, akiwa mgeni katika hadithi ya mashujaa wengine. Mwaka 1973 Don McGregor akapewa jarida lililoitwa Jungle Action, ambalo kurasa zake zilikuwa zimezoea Wazungu wanaotamba msituni. Yeye akaingia Wakanda kwenyewe, akaijaza watu wake, akamleta adui, Killmonger. Na huyo Killmonger akampiga mfalme vibaya mno, akamtupa kwenye maporomoko ya maji. Wewe unayesema zamani T'Challa hakuwa akishindwa, unazungumzia zamani ipi?

Mwaka 1977 Kirby, mmoja wa wazazi wake, alirudi kumwandika na kumchora. Hadithi ya McGregor ilikuwa imebaki njiani, na badala yake wakaja vyura wa shaba wa Mfalme Sulemani, wenye nguvu ya kuvusha vitu kutoka zama moja hadi nyingine. Wasomaji wengi walimwona mzazi kama mgeni katika nyumba aliyoijenga. Hapo pana la kufikiri, maana mmezoea kusema "aliyemwanzisha ndiye anayemjua."

Kisha Christopher Priest, mwaka 1998, alifanya jambo ninalolipenda kuliko yote. Alimfanya mfalme mtu wa siri nyingi, na kazi ya kusimulia akampa Mmarekani mweupe, mtumishi wa serikali aliyejaa hofu. Tunamwona T'Challa kwa macho ya mtu asiyemwelewa, na kwa hiyo anazidi kuwa mkubwa. Reginald Hudlin, kuanzia mwaka 2005, akataka mfalme asiyemwinamia mtu. Akampa dada, Shuri, na akamwoza shujaa mwenzake, Storm, ambaye mama yake ni wa Kenya. Mwaka 2016 Ta-Nehisi Coates akaligeuza swali: wananchi wa Wakanda wanamwinukia mfalme.

Hapo nikawaelewa. Mmoja wenu amemsoma Hudlin, mwingine Coates. Kila mmoja anamtetea T'Challa wake. Hata ile filamu ya mwaka 2018 mnayoiapia wote wawili ni kapu la mikono mingi: Killmonger ni wa McGregor, wale walinzi wa kike wametoka kwa Priest, Shuri ni wa Hudlin.

Na hapa Ituri, ambako dhahabu imechimbwa tangu enzi za Wabelgiji na mchimbaji wa Mongbwalu bado analala chini ya turubai, naelewa kabisa kwa nini kijana anamtaka mfalme ambaye hakuna mgeni atakayevuka mpaka wake kumchukulia madini. Namwelewa pia anayeuliza: na ndani ya mpaka, nani anakula? Ni maswali makubwa, ya watu wazima. Mliyashika mkononi, mkayaachia ili mkamate kola.

Tena msidhani kwamba mkono mmoja hukaa ulivyo. Safari ya Tintin nchini Kongo ilikuwa ya Hergé yuleyule mara zote. Mwanzoni, katika albamu ya mwaka 1931, Tintin anasimama darasani kuwafundisha watoto wetu habari za nchi yao, Ubelgiji. Mwaka 1946, albamu ilipotoka upya kwa rangi, somo likawa la hesabu. Mwenye ile ya rangi tu ataapa kwamba ubaoni palikuwa na tarakimu tangu mwanzo. Kwa hiyo mkiuliza jina, ulizeni na mwaka.

Mkija kubishana barazani kwangu, na milango iko wazi, njooni na ukurasa wenyewe. Wa Hudlin aanze kwa kumtetea Coates, wa Coates amtetee Hudlin, na asitoke kwenye kiti mpaka mwenzake akubali kwamba ametetewa kwa haki. Na neno "inasemekana" libaki nje ya ua. Mwaka 2003, wakati wa vita, niliona lilivyoutenda mji huu. Maneno yasiyo na mwenyewe yalitoka kartie moja hadi nyingine upesi kuliko miguu ya watu waliokuwa wakikimbia, na kila nilipouliza nani kasema, nilijibiwa: watu.

Marsupilami naye alirudi. Mwaka 2013 wachapishaji wa Spirou walinunua haki zake, na mwaka 2016 mwandishi Vehlmann na mchoraji Yoann wakamtoa katika albamu mpya. Mpwa wangu alinitumia kurasa chache kwa simu kutoka Brussels. Mnyama anarudi na hasira, kwa sababu rafiki zake walimsahau miaka yote hiyo, na hadithi inaeleza walivyomsahau. Nilikuwa nimekaa peke yangu. Nikaukuza mchoro kwa vidole viwili mpaka ule mkia ukajaa kioo chote.

Kisha nikatafuta namba ya yule mwenzangu wa darasani. Siku hizi anaishi Mahagi, ana wajukuu kama mimi. Nikamwambia sasa najua hakuiba kitu, na nikamwomba radhi. Alikaa kimya kidogo, halafu akaniuliza kama zile albamu zisizo na jalada bado zipo.